Courier Imefika

Ukikaa kwenye mapokezi ya ofisi yoyote hapa Nairobi, hutakaa sana kabla hujasikia sentensi hii: "Courier imefika." Si amefika. Imefika. Mlangoni amesimama binadamu mzima, helmeti mkononi, koti limelowa kama ni Aprili, lakini tunamtangaza kwa silabi ile ile tunayotumia kwa mitambo. Stima imerudi. Lifti imekwama. Courier imefika.

Kiingereza hakina shida hii. Mwingereza akitangaza kwamba 'courier' kafika, kitenzi chake hakibadiliki, awe amefika mtu, imefika bahasha ama imefika kampuni. Kiswahili hakikupi nafasi ya kujificha hivyo. Kabla hujamaliza kitenzi lazima uamue: ni mtu ama ni kitu? Na sisi tunaochanganya Kiingereza cha ofisini na Kiswahili cha mtaani kwa pumzi moja, tumeshaamua. Muulize mtu anayekuambia "nitakutumia na courier" huyo courier ni nani. Atakutajia jina la kampuni. Muulize basi ni nani atabeba. "Ah, si ni rider tu."

Nataka kufuata njia ambayo neno hili lilipita hadi likafika hapo, kwa sababu halikuanza hivyo. Lilianza likiwa mtu anayekimbia.

'Courier' limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini currere, kukimbia, likapitia Kifaransa na Kiitaliano ndipo likaingia Kiingereza. Maana yake ya mwanzo haina siri: mkimbiaji. Warumi wenyewe walimwita mkimbiaji wao wa barua cursor, na hilo neno unalo mbele yako kila ukifungua kompyuta. Ni kile kimstari kinachopepesa kikikungoja uandike. Mtu aliyekimbia na barua za bwana wake sasa ni alama kwenye skrini. Nalitaja mapema kwa sababu jambo hilo linarudiwa tena na tena katika historia hii: neno linahama, mtu anaachwa nyuma.

Kabla ya Warumi kulikuwa na Waajemi. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Herodotus aliandika kuhusu barabara ya mfalme iliyotoka Sardis hadi Susa, mwendo wa kilomita kama 2,500. Kwa miguu, kwa hesabu yake, ilikuwa safari ya miezi mitatu. Wajumbe wa mfalme waliimaliza kwa siku chache kwa sababu walipokezana farasi na ujumbe kituo kwa kituo. Herodotus aliwasifu kwamba theluji, mvua, jua wala usiku havikuwazuia. Sifa hiyo ilikuja kuchongwa kwenye jengo la zamani la posta mjini New York, hadi Wamarekani wengi wanadhani ni kauli rasmi ya posta yao. Kuna kitu kingine ninachokipenda zaidi ya sifa hizo. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa Persepolis ni rekodi za posho, na ndani yake kuna unga na vinywaji waliopewa watu waliosafiri kwa kazi ya mfalme, wajumbe wa haraka wakiwemo. Yaani karani wa miaka 2,500 iliyopita alijua kwamba anayebeba barua anakula.

Lakini mfumo huo ulikuwa na upande wake mwingine. Wagiriki waliuita angareion, na kutokana nao wakapata kitenzi cha kumkamata mtu njiani na kumlazimisha abebe mzigo ama atoe mnyama wake kwa kazi ya dola. Ukisoma Injili ya Mathayo kwa Kigiriki, kitenzi hicho kipo pale Yesu anaposema kuhusu kulazimishwa kwenda maili moja. Kinarudi baadaye, askari wanapomshika Simoni wa Kirene na kumlazimisha aubebe msalaba wa mtu mwingine. Neno la mjumbe wa mfalme lilikuwa limekwisha kuwa neno la shurti. Wakati huo huo neno lingine la Kigiriki la mjumbe, angelos, lilikuwa likipanda juu. Lugha za Ulaya zinalitumia mpaka leo kwa maana ya malaika.

Usidhani mambo haya ni ya Wagiriki peke yao. Chukua kitenzi chetu, tuma. Unda nomino ya mtu unapata mtume, aliyetumwa na Mungu. Kiweke kwenye hali ya kutendwa unapata mtumwa, yule anayetumwa na kila mtu, aliyetembezwa kwa minyororo kutoka bara hadi soko la Zanzibar. Kitenzi ni kimoja. Mmoja anaswaliwa, mwingine aliuzwa. Mjumbe naye ana undugu na jumbe, cheo cha wakuu wa miji ya Mrima. Kiswahili, kama Kigiriki, hakijawahi kuamua kama anayebeba neno la mwenzake ni mkubwa ama ni mdogo. Inategemea nani amemtuma, na kama angeweza kukataa.

Halafu kuna tarishi. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya enzi za KCPE, ulimkariri kwenye orodha ya watu na kazi zao, katikati ya hamali, topasi, dobi na mhazili. Siku ya mtihani ulijua tarishi ni nani, ukapata alama yako, ukamwacha hapo kwenye karatasi. Sijawahi kusikia mtu hapa town akisema, "Mpe tarishi apeleke." Mtu mwenyewe alikuwepo, kila ofisi ilikuwa naye. Lakini aliitwa mesenja, na kabla ya hapo aliitwa 'office boy', hata kama ana wajukuu.

Hilo 'boy' halikuzaliwa huku. Kiingereza kilifika Afrika Mashariki kikiwa kimekwisha kuwapanga wajumbe wake kwa matabaka. Juu kabisa walikuwa Wajumbe wa Mfalme, waliobeba nyaraka za siri za serikali ya Uingereza wakiwa na beji ya mbwa wa fedha anayekimbia. Husimuliwa kwamba Mfalme Charles II, akiwa uhamishoni, aliwavunja mbwa wa fedha waliopamba bakuli lake akawapa wajumbe wake wawe kitambulisho. Kitengo hicho kingali kipo mpaka leo.

Tabaka la kati ndilo lililobeba neno letu. Katika karne ya 19, 'courier' kwa Mwingereza wa kawaida alikuwa mtu anayekodiwa na wenye pesa wanaotembea Ulaya. Alitangulia kutafuta farasi na vyumba, akalipa bili za hoteli, akabishana na maafisa wa mipakani kwa lugha ambazo bwana wake hakuzijua. Charles Dickens alipokwenda Italia mwaka 1844 na familia yake alikuwa na mtu kama huyo, na kwenye kitabu alichotoa mwaka 1846 kuhusu safari hiyo, courier ni mhusika kamili. Ana sauti, ana ujuzi, ana mbwembwe zake. Bado anaitwa kwa kazi yake tu, lakini hakuna msomaji atakayedhani ni kampuni.

Chini kabisa walikuwa vijana. Posta ya Uingereza ilikuwa na vijana wa telegramu, wenye sare na baiskeli. Marekani walikuwepo pia, wakipita mijini na karatasi za Western Union. Kabla yao, kati ya Aprili 1860 na Oktoba 1861, Pony Express ilikimbiza barua kutoka Missouri hadi California kwa siku kama kumi, kwa farasi wa kupokezana, karibu kama Waajemi. Waliopanda farasi hao waliitwa 'riders'. Simu ya waya ilipounganishwa kuvuka bara, kazi yao ikaisha. Neno lao lilipumzika muda mrefu, na tutakutana nalo tena.

Sasa angalia jinsi kampuni ilivyoingia mahali pa mtu. Mwaka 1907, mjini Seattle, kijana wa miaka 19 aitwaye Jim Casey alikopa dola 100 akaanzisha na mwenzake kampuni ya kutuma vijana mjini kwa miguu na baiskeli. Waliiita American Messenger Company, kampuni ya wajumbe. Mwaka 1913 waliungana na mshindani wao, jina likawa Merchants Parcel Delivery. Mwaka 1919 likabadilika tena, likawa United Parcel Service, hii tunayoiita UPS. Soma majina hayo matatu kwa mfuatano. La kwanza lilitaja mjumbe. La pili lilitaja kifurushi. La tatu lina kifurushi na huduma. Ndani ya miaka 12 binadamu ametoka kwenye jina, na hakuna aliyemfukuza. Biashara ilikua tu.

Mwaka 1969 ikaja DHL, herufi tatu za majina ya waanzilishi wake, Dalsey, Hillblom na Lynn. Mwanzoni kazi yao ilikuwa kubeba hati za meli kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu, ili forodha imalize makaratasi kabla meli haijatia nanga. Federal Express ikaanza kuruka kutoka Memphis mwaka 1973. Katika miaka hiyo 'courier' likageuka kwenye Kiingereza cha kila siku. Likawa kampuni, likawa huduma, likawa hata kitenzi: unaweza 'kukuria' bahasha bila kumtaja mtu yeyote. Mtu akabaki kwenye etimolojia.

Hapa kwetu mambo yalikuja kwa mpangilio mwingine, lakini yakaishia pale pale. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, barua za Wazungu kati ya pwani na Uganda zilipita mikononi na miguuni mwa Waafrika. Kwenye Kiingereza cha wakoloni hao waliitwa 'runners', wakimbiaji, tafsiri kamili ya lile neno la Kilatini. Basi duniani kote wakati neno la mkimbiaji lilikuwa njiani kuwa la heshima kidogo, Afrika lilirudi kwenye maana yake ya uchi kabisa: kuna mzigo, kuna miguu.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia na neno lingine, 'carrier'. Waingereza walichukua wanaume kwa mamia ya maelfu kutoka Afrika Mashariki kubeba chakula na risasi za jeshi lao dhidi ya Wajerumani. Kikosi kiliitwa Carrier Corps. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, kama Simoni wa Kirene. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao. Midomo yetu ikalichukua jina la kikosi na kuligeuza Kariakor. Leo ukimwambia dereva wa matatu akushushe Kariakor anajua unaenda sokoni, kununua vyondo ama viatu vya ngozi. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, soko pia, na timu mbili kubwa za mpira zina mizizi huko. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba za kukumbuka vita hiyo, na mmoja wao ni mbebaji. Watu hupita wakikimbilia matatu. Jina la wabebaji tunalitamka kila siku na hatuwasikii ndani yake.

Baada ya vita hiyo wanaume Waafrika wa miaka 16 kwenda juu walivalishwa kipande, kile kikopo cha chuma cha shingoni chenye karatasi ya alama za vidole na rekodi ya waajiri. Sheria yake ilikuwa ya 1915. Fikiria basi 'office boy' wa Nairobi wa miaka ya 1920 akipeleka barua ya bwana wake kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mkononi ana barua asiyoruhusiwa kuisoma. Shingoni ana barua inayomsoma yeye.

Uhuru ulipokuja, ofisi zilibaki na meza zile zile na kazi zile zile. 'Boy' akawa mesenja. Posta nayo haikuwa na desturi ya kukuletea barua mlangoni. Wewe ulikuwa na sanduku, ama babako alikuwa na sanduku, ama barua ilikuja kupitia shule ya msingi ya kijijini na mtoto wa darasa la tano akapewa aipeleke nyumbani. Kwa Mkenya wa kawaida anayekuletea barua hakuwa mtu wa serikali mwenye sare. Alikuwa mtoto wa jirani. Alikuwa kondakta wa basi aliyepewa bahasha, jina, na maelezo kwamba mwenyewe atakungoja stage. Tulikuwa na wajumbe kila mahali, na hatukuwa na jina la kazi yao, kwa sababu haikuwa kazi. Ilikuwa hisani.

Sheria ya mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyovunja shirika la zamani la posta na simu. Posta ikawa peke yake, Telkom peke yake, na mdhibiti akapewa kazi ya kutoa leseni. Tangu hapo, kwa lugha ya serikali, 'courier' ni mwenye leseni. Kampuni za ulinzi zikaingia kwenye biashara hiyo, kampuni za mabasi na matatu zikafungua madirisha ya parcel, na sasa unaandika jina na namba ya simu juu ya boksi kwa felt-pen, unapewa risiti, basi. Hisani ya kondakta imepata kaunta. Sisemi ni mbaya. Mzigo wangu ukipotea nataka kuwe na dirisha la kwenda kupigia kelele. Nasema tu kwamba neno lilipofika kwenye Kiingereza chetu cha kila siku lilifika likiwa tayari ni dirisha.

Na aliyebaki nje ya dirisha alihitaji jina. Boda boda, kama tunavyojua, ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka boda moja hadi nyingine. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na nduthi zikajaa. Mwaka 2020 korona ilipotufungia ndani, chakula, dawa na vitabu vilianza kutufuata nyumbani, na neno lililolala tangu Pony Express likaamka kwenye simu zetu: rider. Rider yuko njiani. Rider anakupigia. Rider hana change.

Lipime hilo neno. Mjumbe ana ujumbe. Tarishi ana aliyemtuma. Courier, hata kwa maana ya zamani, ana mahali anapokimbilia. Rider ana pikipiki tu. Ni jina la mtu aliyekalia kitu. Halisemi anabeba nini, kwa nani, wala nani atajibu akianguka.

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kubeba bahasha za ofisi moja ya mawakili hapa mjini. Nilipewa kitabu cha makabidhiano, kile kirefu chenye jalada gumu. Kila ukurasa ulikuwa na safu: tarehe, yaliyomo, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, sahihi na muhuri wa mpokeaji. Niliandika mistari mingi sana kwenye kitabu hicho, mwandiko wote ni wangu, na hakuna safu iliyouliza aliyebeba ni nani. Siku moja upande mwingine wa kesi ulidai haukupokea hati. Wakili alifungua kitabu, akaonyesha sahihi na muhuri, mjadala ukaisha. Kitabu kilifanya kazi yake vizuri. Kilithibitisha kwamba bahasha ilitoka hapa ikafika pale, kana kwamba ilitembea yenyewe. Kama muhuri haungekuwepo, hapo ndipo wangeuliza, "Nani alipeleka hii?"

Hiyo ndiyo tabia ya majina haya yote. Mambo yakienda sawa, imefika. Mambo yakiharibika, amepoteza. Mtu anarudishiwa ngeli yake siku ya lawama.

Najua kuna atakayesema hii ni kelele ya maneno tu, kwamba hata tukianza kusema amefika, "amefika" hailipi bili ya hospitali. Ni kweli. Lakini wenye kampuni wenyewe hawaamini kwamba maneno ni maneno tu. Mwaka 2017 magazeti ya Uingereza yaliripoti kuhusu waraka wa kurasa sita wa kampuni ya Deliveroo, uliowaelekeza wafanyakazi wa ofisini jinsi ya kuwazungumzia wanaopeleka chakula. Wasiitwe waajiriwa, waitwe wasambazaji huru. Sare isiitwe sare, iitwe vifaa. Mtu hauandiki waraka wa namna hiyo kwa jambo lisilo na uzito. Waliouandika walijua kwamba kuna siku jaji ataketi na kuuliza huyu ni nani kwenu.

Siku hizo zilifika. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, hata kama mkataba ulikuwa umewaita jina lingine. Novemba 2023 mahakama hiyo hiyo iliamua kinyume kuhusu wa Deliveroo. Chama chao hakikuweza kuilazimisha kampuni kujadiliana nao, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mkataba uliwaruhusu kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yao. Hebu tafakari hilo. Kama unaweza kutuma mwenzako, basi sheria inaona kampuni haikukuhitaji wewe. Ilihitaji mzigo ufike.

Hispania walichukua njia nyingine. Septemba 2020 Mahakama yao Kuu iliamua kwamba mpeleka chakula wa Glovo, kampuni ya Barcelona, alikuwa mwajiriwa. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria inayochukulia kwamba wapeleka chakula wa programu za simu ni waajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Wahispania wanaiita Ley Rider, Sheria ya Rider. Neno la Kiingereza, jembamba vile, limekaa katikati ya sheria ya Kihispania na limepewa mtu ndani yake. Mwishoni mwa 2024 Glovo ikatangaza kwamba itaacha kuwatumia kama watu waliojiajiri huko Hispania.

Hilo begi la njano la Glovo tunalijua. Linapita hapa Ngong Road, linasubiri nje ya mikahawa ya Kilimani, linajikinga mvua chini ya daraja pamoja na begi za rangi nyingine. Kampuni ni ile ile, begi ni lile lile, na kazi ni ya kutoka jikoni hadi mlangoni kama Barcelona. Kenya haina Sheria ya Rider. Pikipiki ni yake, mafuta ni yake, bando la simu ni lake, na mguu ukivunjika ni wake. Karani wa Persepolis angeshangaa.

Sina pendekezo kwamba tufufue tarishi. Neno lililokufa kwenye karatasi ya mtihani halifufuliwi na makala, na rider wenyewe hawalioni neno lao kuwa baya. Niliowauliza wanalipenda kuliko 'boy', na wanalipenda kuliko boda, ambalo kwenye habari huwageuza kuwa chombo hata wakifa: utasikia boda boda mbili zimegongwa, halafu sentensi ya tatu ndipo unajua kulikuwa na watu. Wakina rider hawakuniomba jina jipya. Mmoja, tukiwa tumekaa kwenye pikipiki yake nje ya mkahawa akingoja oda, aliniambia anachotaka ni kitu kimoja: akipata ajali, ile kampuni iliyoandikwa mgongoni mwake ijue ni ya nani.

Hilo swali bunge letu na mahakama zetu zitalijibu siku moja, kwa Kiingereza, kwa kurasa nyingi, na mawakili watabishana kuhusu maana ya mwajiriwa na mkandarasi. Watalazimika kuchimba kutafuta mtu ndani ya neno ambalo limekuwa likimtoa nje tangu Seattle. Wakitaka njia ya mkato wasikilize kitenzi cha Kiswahili, kwa sababu hakiwezi kuanza bila kuchagua kati ya a- na i-. Rider naye anajua amewekwa upande gani. Akifika getini kwako askari hupiga simu juu na kusema, "Kuna Glovo hapa chini, ipande ama uishukie?"